Mfa Maji Hapigi Kelele

Idi Pili tulikwenda kuogelea. Nasema kuogelea kwa mazoea tu, maana katika watu wazima watano tulioshuka kwenye bajaji siku ile, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Mama alibeba pilau kwenye hotipoti. Dada alibeba taulo na mafuta ya nazi. Shemeji alibeba pesa ya kiingilio, elfu kumi mkubwa, elfu tano mtoto. Mimi nilibeba simu iliyojaa chaji, kwa ajili ya picha.

Getini mlinzi alifungua hotipoti ya mama, akatuambia chakula cha nje hakiruhusiwi. Pilau ikabaki kwake. Huo ndio ukaguzi pekee tuliofanyiwa siku nzima.

Ndani, nusu ya Dar es Salaam ilikuwa imeshatangulia. Watu walisimama kwenye maji bega kwa bega, kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyekuwa akiogelea. Hata angetaka, angepita wapi? Spika zilikuwa zinapiga muziki hadi viti vya plastiki vinatetemeka. Namba za kina cha maji zilishafutika ukingoni. Kilichosomeka vizuri ni kibao kimoja: ukiingia umeingia kwa hiari yako, uongozi hautahusika.

Binti wa dada yangu ana miaka saba. Alikuwa kama mita tatu kutoka nilipokaa. Nilimwona. Naomba hili lieleweke kabla ya mengine yote: nilikuwa namtazama. Kichwa alikilaza nyuma, mdomo ukiwa usawa wa maji, macho wazi, mikono ikipapasa maji taratibu. Nikadhani anacheza. Nikanyanyua simu nikampiga picha.

Kijana wa jikoni alikuwa anapita na sahani za chipsi. Akazitupa, akaruka na viatu vyake, akamtoa. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia. Muziki haukuzimwa. Tulipomshukuru yule kijana na kumuuliza alijifunzia wapi, akasema amekulia Kigamboni, baharini, na wenzake. Hakuna aliyemwajiri kuangalia watu. Aliajiriwa kubeba chipsi.

Ile picha ninayo. Siifuti.

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Kama fumbo kuhusu maisha, sina ugomvi na methali hiyo. Kama maelezo ya mtu anayezama, inaua. Mara nyingi anayezama hapigi kelele, kwa sababu kila mdomo unapotoka juu ya maji anagombania pumzi, hana ya kuitia mtu. Hapungi mkono, kwa sababu mikono inasukuma maji ili kichwa kisishuke. Sisi tunasubiri fujo, na mtoto anazama kimya kimya mbele ya ukoo mzima.

Na tusijifanye kwamba hatukusoma. Kidato cha kwanza tulifundishwa kanuni ya Archimedes na kanuni ya kuelea. Niliikariri, nikaifanyia hesabu, nikafaulu. Naweza kukwambia leo kwa nini meli ya chuma inaelea. Ninachoshindwa ni kuelea mimi mwenyewe. Tumekulia kwenye mji ulioegemea Bahari ya Hindi, nchi ina Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na kuogelea tumekuacha kuwe tangazo la shule za ada kubwa, pale kwenye kipeperushi karibu na basi la njano.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ajali isiyo na kinga ingechagua hivyo?

La pili ni kwamba kuogelea ni anasa. Bangladesh wamefundisha watoto wa vijijini kuogelea kwenye madimbwi yao, kwa kujenga majukwaa ya mianzi ndani ya maji. Mianzi!

La tatu huwa linasemwa kwa sauti ya chini: mtoto wa kike atavaaje? Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea baharini wakiwa na mavazi ya stara. Stara haijawahi kumzamisha mtu. Kilichotuzamisha ni kuamini kwamba binti hana shughuli na maji zaidi ya kuyateka.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Ukara, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 200 walikufa. Sisemi kwamba wangejua kuogelea wote wangepona. Chombo kikipinduka, hata fundi wa kuogelea hunaswa ndani. Nasema tulitangaziwa siku nne za maombolezo, tukalia, tukalaani waliojaza watu. Kisha sikukuu inafika, mwenye bwawa anauza tiketi bila kuhesabu vichwa, nasi tunapanga foleni na kumshukuru kwa kutupatia nafasi.

Mwenye bwawa anaweza kukagua mapochi yetu hadi akapata sambusa mbili zilizofichwa chini ya kanga. Basi anaweza pia kuhesabu watu na kufunga geti likijaa. Anaweza kupaka rangi namba za kina. Anaweza kumlipa mtu mmoja anayejua kuogelea akae juu, asiuze soda, asibebe sahani, kazi yake iwe kutazama maji tu. Na aking'oa kile kibao, atakuwa ameanza kuongea nasi kama watu.

Upande wetu sisi, watu wazima wa kwenye viti vya plastiki, tuna deni letu. Mtoto akiwa ndani ya maji, mmoja wetu awe karibu kiasi cha kumgusa, simu ikiwa kwenye mkoba. Na tujifunze. Nimeanza mwezi uliopita, na umri huu, nikishika ukingo na kupiga miguu mbele ya watoto wanaonicheka. Bado sijaweza kuelea zaidi ya sekunde kumi.

Mpwa wangu ameshauliza tutarudi lini. Tutarudi, na kiingilio tutalipa. Ila safari hii, kabla shemeji hajafungua pochi, nitauliza getini: nani anaangalia maji? Wakinionyesha kibao, tutageuza na pilau yetu.