Shetani na Funguo za Kasha

Mhasibu wa kikoba akila fedha za wenzake, utetezi wake wa kwanza tunaujua: shetani alinipitia. Ajabu ni kwamba shetani huyo hapiti hadharani. Husubiri funguo zote tatu za kasha ziwe mikononi mwa mtu mmoja. Ubishi kuhusu dhambi na utashi wa mtu ni wa kale. Mwalimu wa Kikristo aitwaye Pelagio alifundisha kwamba binadamu anaweza kuishi bila dhambi kwa juhudi zake. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akampinga: utashi wetu umejeruhiwa, hauinuki bila neema. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokutana Kartago waliyakataa mafundisho ya Pelagio. Hata hivyo, Augustino hakumwondolea mkosaji lawama. Kwake, atendaye dhambi huitenda kwa hiari yake. Mtazameni Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajatamka neno la toba. Ndipo Zakayo akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na aliowadhulumu kuwarudishia mara nne. Neema ilitangulia, lakini mfuko uliofunguliwa ulikuwa wake. Waliookoka katika Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki walilielewa hilo: wengi waliungama mbele ya watu na kurudisha walichoiba. Basi, ndugu mhasibu, ushuhuda wako tumeusikia kanisani na tumesema amina. Jumamosi njoo kikaoni na fedha za watu.