Tuhesabu Saa Kabla ya Kufungua Chaneli

 

Katika miaka ya karibuni misikiti na madrasa nyingi zimefungua chaneli za video katika YouTube. Kamati hukutana baada ya Isha, hukubaliana, kijana mwenye simu nzuri hukabidhiwa jukumu, na wiki hiyo hiyo darsa ya kwanza hurushwa. Ni jambo la kheri, wala hatulipingi. Lakini liko suali ambalo ni nadra kuulizwa katika vikao hivyo: kazi hii itakula muda kiasi gani kila wiki, na muda huo utatoka kwa nani?

Kuifikishia jamii elimu kila wiki si jambo geni kwetu. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha mjini Mombasa gazeti la kila wiki, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadaye zikaja kaseti. Mwalimu alisomesha darsa yake kama kawaida, mtu mmoja akabonyeza kitufe cha redio-kaseti, na darsa ilipokwisha kazi ya mwalimu nayo ilikwisha. Video haiko hivyo. Darsa ikimalizika, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Na tuchukue darsa moja ya nusu saa kwa wiki. Mwalimu anayeogopa kumzulia Mtume (s.a.w.) hategemei kumbukumbu tu; hurejea vitabuni, akahakiki aya na daraja ya kila hadithi. Kosa la msikitini husahihishwa na waliohudhuria, bali kosa la video husafiri peke yake. Kwa maandalizi hayo, saa 4 si nyingi. Kupanga mahali, taa na kipaza sauti, pamoja na kurekodi kwenyewe, saa 2. Kuhariri, yaani kukata, kusafisha sauti na kuandika aya kwenye kioo bila ya kukosea hata irabu, saa 4. Kuandika kichwa na maelezo, kutengeneza picha ya mwanzo na kupakia faili kubwa kwa mtandao wa simu, saa 2. Kusoma maoni, kujibu maswali kwa uangalifu na kufuta matusi, saa 2 kwa uchache. Jumla ni saa 14.

Sasa tulinganishe. Darasa la watoto baina ya Alasiri na Magharibi, saa 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 10. Yaani video moja ya nusu saa inakula muda kuliko wiki nzima ya madrasa. Makadirio haya yatatofautiana baina ya mahali na mahali, lakini hata yakipunguzwa kwa theluthi, chaneli itakuwa karibu sawa na madrasa ya pili. Ni kamati gani yenye busara itakayofungua madrasa ya pili bila ya kutafuta mwalimu wa pili?

Saa hizo hazishuki kutoka mbinguni. Hutolewa katika muda wa watoto wanaongoja zamu ya kusoma mbele ya ustadhi. Hutolewa katika haki ya mke na watoto nyumbani. Hutolewa kwa yule kijana anayenunua bando kwa fedha yake, na akilalamika huambiwa kuwa hiyo ni fi sabilillah. Tutakuwa na udhuru gani ikiwa atahariri mawaidha ya Sala ya Alfajiri hadi usiku wa manane, kisha Alfajiri yenyewe ikampita usingizini?

Hatari huzidi pale hesabu za watazamaji zinapoingia moyoni. Tangu mwaka 2018, chaneli ya video ndefu haigawiwi mapato ya matangazo mpaka iwe na watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Anayezifukuza saa hizo huongeza video, kisha huongeza ukali wa vichwa vya habari, kisha huanza kuwashambulia masheikh wenzake, kwa kuwa ugomvi hutazamwa zaidi. Kwa wingi hatutashinda. Mwaka 2019 YouTube ilikuwa ikipokea zaidi ya saa 500 za video kila dakika.

Kwa hiyo tunanasihi haya. Kwanza, irekodiwe darsa ile ile inayosomeshwa msikitini, pasiwe na darsa ya pili kwa ajili ya kamera. Pili, kazi igawiwe watu wasiopungua 3: wa kusomesha, wa kuhariri, na mwenye elimu wa kusimamia maoni, asipopatikana huyo wa tatu, sehemu ya maoni ifungwe. Tatu, bando na posho ya mhariri vitoke katika mfuko wa msikiti. Nne, itoke video moja kila baada ya wiki mbili mpaka nguvu ijulikane. Tano, baada ya miezi 3 kamati ifungue daftari la mahudhurio ya madrasa. Ikiwa mahudhurio au usomaji wa watoto umeshuka, chaneli isimame kwanza.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, ijapokuwa ni kidogo. Zipo chaneli ambazo video yake ya mwisho ni ya Ramadhani ya mwaka juzi. Zilianza na video tatu kwa wiki. Umri ni amana, na kila mmoja wetu ataulizwa aliutumiaje. Basi kamati inayogawa umri wa wengine na ijiandae kwa suali hilo mara mbili.