Mashine ya gemu huanzia kwenye umeme

Na Hamisi Mbwana
Safu ya kila Jumamosi

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Kompyuta imetoa moshi." Kesho yake asubuhi nilikuwa kwao Temeke. Kasha lake lina kioo ubavuni na feni nne zinazowaka rangi, zuri kweli kulitazama. Nilipofungua upande wa nyuma nikapokewa na harufu ya plastiki iliyoungua, ile inayokaa kooni mpaka jioni. Pawa saplai ilikuwa imekufa, na ilipokufa iliondoka na madabodi. Fedha za mashine ile kijana alizidunduliza miezi 14 kwa kazi ya kuchapa fulana.

Niliichomoa nikaigeuza nisome kibandiko. Juu, kwa maandishi makubwa, imeandikwa wati 500. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, lenye mistari ya volti 3.3, volti 5 na volti 12. Mstari wa volti 12 ulisema ampea 16. Zidisha mwenyewe: 12 mara 16 ni 192. Wati 192, wala si 500.

Ndani ya kasha kulikuwa na prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyopangiwa wati 65, na kadi ya grafiksi ya Radeon RX 6600, yenye wati 132. Jumla 197. Hivyo viwili peke yake vimeshapita uwezo wa mstari ule, na bado hujahesabu madabodi, diski na feni zote nne. Wiki kadhaa kabla ya moshi, mashine ilikuwa inazima ghafla kila mechi inapopamba moto. Dukani wakamwambia tatizo ni Windows. Akapigiwa Windows upya mara mbili, na mara zote mbili akalipa. Kilichokuwa kinaizima ni njaa ya umeme. Halafu usiku ule umeme wa mtaani ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kile chuma chepesi kikashindwa kujihami.

Duka silitaji. Ninachotaka kukisema leo ni kwamba vijana wetu wanapanga mashine ya gemu kuanzia upande usiofaa. Wanaanza na kadi, wanakwenda kwenye prosesa, wanapita kwenye taa, na kiasi kinachobaki ndicho kinachonunua pawa saplai. Mimi nasema pawa saplai iwe ya kwanza kuandikwa kwenye karatasi ya hesabu, na bei yake isiguswe hata kama kadi itashuka daraja moja. Kadi dhaifu itakupa picha za kawaida. Pawa saplai mbovu inaweza kukuacha huna kompyuta kabisa.

Kwa nini mstari wa volti 12? Zamani prosesa zilikula zaidi kwenye volti 5 na 3.3. Kuanzia mwaka 2000, kanuni ya ATX12V ilipoingia, mzigo wa prosesa ukahamia kwenye volti 12, na kadi za grafiksi nazo zinakula huko huko. Leo karibu kazi yote nzito ya kompyuta ya mezani inabebwa na mstari huo mmoja. Mtengenezaji wa bei rahisi anachofanya ni kujumlisha mistari yote, pamoja na ile isiyotumika sana, apate namba nene ya kubandika ubavuni. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandika kama ampea 45 kwenye volti 12, yaani wati 540. Karibu uwezo wake wote uko pale unapohitajika. Ukiona wati nyingi juu na ampea chache chini, rudisha boksi.

Alama ya 80 Plus nayo isomwe kwa akili. Ilianza mwaka 2004, na ngazi yake ya mwanzo hudai kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani ufike kwenye vifaa bila kupotea kama joto. Ni kipimo cha ufanisi. Ulinzi dhidi ya volti kuzidi au waya kugusana ni habari nyingine, nao huusoma kwenye maelezo ya bidhaa yenyewe. Kibandiko chochote kinaweza kuchapishwa uchochoroni, lakini orodha ya pawa saplai zilizopasi mtihani huo iko wazi kwenye intaneti, na mtu mwenye simu anaweza kuifungua akiwa amesimama hapo hapo kaunta.

Yako pia mambo ya kwetu ambayo video za YouTube kutoka Marekani hazitakuambia. Kwao umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Ukinunua pawa saplai ya mtumba, tazama nyuma karibu na tundu la waya kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa imeelekea 115 nawe ukaichomeka ukutani Mbagala, utasikia mlio mmoja na basi. Isogeze kwa ncha ya bisibisi kabla ya kuchomeka chochote. Na usiitegemee extension ya elfu chache kulinda mashine ya mamilioni. UPS, au hata kile kilinzi cha friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme, ni sehemu ya mashine na kiandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Wapo wanaochukua njia ya mashine za ofisini zilizokwishatumika Ulaya, na njia hiyo naiheshimu, kwa sababu imewapa kompyuta vijana ambao vinginevyo wasingekuwa nazo. Ila ujue unachokinunua. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara inakuja na pawa saplai ya wati 290, na mkia wake mkuu una pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka. Fundi hawezi kukuwekea pawa saplai ya kawaida bila kiunganishi maalumu. Kwa mashine kama hiyo, tafuta kadi inayoridhika na umeme wa tundu la madabodi lenyewe, ambao kikomo chake ni wati 75. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula wati 60. GTX 1650 ya mwaka 2019 inakula 75, na yapo matoleo yake yasiyodai waya wa ziada. Kwa EA FC au Valorant kwenye skrini ya kawaida, kadi hiyo inacheza vizuri, na pawa saplai ya ofisini haitaemewa.

Skrini ndiyo inayoamua kadi, nayo wengi huikumbuka mwisho. Skrini ya hezi 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi itoe 150, macho yako yatabaki na zile 60, na fedha ya ziada umeitupa. Aliye na skrini kama hiyo, na hana mpango wa kuibadilisha, hana haja ya kadi ya fahari.

Asiye na fedha ya kadi kwa sasa namuomba asinunue Ryzen 5 5600 akisema kadi itafuata mwakani. Prosesa hiyo haina grafiksi ndani yake, kwa hiyo bila kadi skrini itabaki nyeusi. Iko ndugu yake, 5600G, iliyotoka mwaka 2021, yenye grafiksi ndani. Hiyo inaanzisha safari. Iwekee RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, maana grafiksi za ndani hukopa RAM, na RAM mbili zikikaa kwenye nafasi zake hufungua njia mbili kwa pamoja. Tofauti yake kwenye gemu unaiona kwa macho bila kipimo chochote.

Kadi za mtumba zinahitaji safu yake peke yake. Leo nasema mawili tu. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji wa kutumia kadi za grafiksi, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. Nyingi bado zinafaa, ila feni na mpira wa kupitisha joto vikaguliwe. La pili, zipo kadi kuukuu zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Omba muuzaji awashe programu ya bure ya GPU-Z mbele yako, kwani huzibaini nyingi za namna hiyo. Akikataa, ondoka.

Kuhusu kasha, nitasema la mtu wa pwani. Joto letu ni la mwaka mzima, vumbi lipo, na hewa ina chumvi. Kasha lenye kioo mbele linapumua kwa shida. Chukua lenye wavu, hata kama halipendezi kwenye picha, na ulipulize vumbi kila mwezi.

Mpwa wangu mashine yake imesimama tena. Tuliuza lile kasha la kioo na feni zake, tukaongeza fedha kidogo, tukapata madabodi ya mtumba na pawa saplai ya wati 550 yenye ampea 45 kwenye volti 12. Kadi na prosesa vilisalimika. Sasa inakaa kwenye kasha jeusi lisilo na taa hata moja, na haijazima katikati ya mechi tangu siku tuliyoifunga.

Wenye maduka ya Kariakoo, nanyi mlio Luthuli kule Nairobi, ombi langu kwenu ni moja: mwacheni mteja afungue boksi asome kibandiko kabla hajatoa fedha. Nawe unayekwenda kununua leo, mstari wa kuutafuta ni wa volti 12. Zidisha ampea zake kwa 12 ukiwa bado dukani.