Pango Lina Wenyewe

Msafiri aendaye Zambia kwa barabara kuu hupita Mlowo akiuwaza mpaka wa Tunduma tu. Laiti angalijua kwamba nyuma yake, huko Songwe, ameyaacha mapango ya popo! Yamo katika miamba ya chokaa iliyojengwa na chemchemi za maji moto: maji hupanda na chokaa iliyoyeyuka, kisha huiacha juu, tabaka baada ya tabaka, kwa maelfu ya miaka.

Tunataka watalii, na ni haki yetu. Lakini hapana budi tujiulize watakuja kwa adabu gani. Kimondo cha Mbozi, kisicho mbali na Mlowo, ni chuma na nikeli, tani zipatazo 16. Hata hicho kina kovu la msumeno wa waliokata kipande. Chokaa ni laini mno. Msumari mmoja watosha kuandika jina la mpumbavu ukutani, na moshi wa mienge huwafukuza popo.

Huko Lalibela, Ethiopia, makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba yangali yakisaliwa. Mgeni afikapo huwakuta wenyewe. Kolo, wilayani Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wenyeji hawajaacha matambiko yao.

Basi, ndugu zangu, vijiji vinavyopakana na mapango ya Songwe ndivyo vipewe kazi ya kuongoza wageni, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini. Anayepinga na atuambie ni nani mwingine alalaye karibu na pango hilo usiku.