TUTA SI MTARO



Ukurasa huu wa maoni ni wa kila mtu. Leo nami naleta neno langu, na neno hilo ni juu ya maneno yenyewe: maneno ya udongo na maji.

Sikilizeni namna tunavyosema hapa Kalemie. Mvua ikinyesha, tunasema: "Kanivo imejaa." Watu wakirundika udongo ufukoni juu ya kuzuia ziwa, tunasema: "Wanajenga dige." Mto ukizibwa, tunasema "baraje." Sina ugomvi na Kifaransa, ndiyo lugha ya mitihani yetu. Shida ni kwamba hatuyapambanui maneno haya. Utasikia mmoja anaita dige ule udongo uliopanda juu, na mwenzake anaita dige lile shimo pembeni yake. Siku ya salongo mkubwa anasema, "Tengenezeni dige!", na huyu anachimba, yule anafukia. Nani ana haki?

Kiswahili si maskini. Tuyatazame maneno yake moja moja.

TUTA ni udongo ulioinuliwa. Mama zetu wanalijua shambani, ndipo wanapopanda viazi. Likiwa refu na gumu linazuia maji.

MTARO ni udongo uliochimbwa, maji yapate njia ya kuondoka, kama pembeni ya barabara.

MFEREJI nao ni njia ya maji. Watu wengi wanauchanganya na mtaro, lakini mimi ningependa tuvitenge hivi: mtaro unaondoa maji tusiyoyataka, mfereji unaleta maji tunayoyataka. Katika Biblia tunasoma ya kuwa Mfalme Hezekia alifanya birika na mfereji ili kuleta maji mjini. Hakutaka kuyafukuza! Kule pwani, Mombasa na Unguja, hata bomba la maji la nyumbani huitwa mfereji.

BWAWA ni maji yaliyokusanyika nyuma ya kizuizi. Wengi huita hata kizuizi chenyewe bwawa. Wandugu wa Tanzania wana neno jingine, LAMBO, ndilo bwawa dogo la kuchimbwa, ng'ombe wanywe maji wakati wa kiangazi.

Huko huko Tanzania, katika milima ya Upare, wakulima wa zamani walijenga mabwawa madogo yanayoitwa ndiva. Usiku maji ya kijito yanajaa nyuma ya tuta. Asubuhi wanafungua mlango, maji yanafuata mfereji mpaka mashambani. Wachaga wa Kilimanjaro nao wana mifereji yao, wanaiita mfongo. Angalieni vizuri: hapo kuna tuta, kuna bwawa, kuna mlango, kuna mfereji, na kila kimoja kina jina lake na kazi yake. Bila majina, watawezaje kupatana zamu ni ya nani leo, na nani atengeneze kilichobomoka?

Hata Wazungu walichanganya. Neno digue Wafaransa walilipata kwa Waholanzi, watu ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko chini kuliko bahari. Kwa Kiingereza neno lile lile la zamani limezaa mawili: dike, ambalo mara nyingi ni tuta, na ditch, ambalo ni mtaro. Sababu ni rahisi. Ukichimba mtaro, udongo unaoutoa unakuwa tuta. Ni mapacha. Lakini mapacha si mtu mmoja, na ukimwita Kulwa kwa kazi ya Doto utakosa kazi zote mbili.

Wengine watasema: "Jina halizuii maji. Tupeni majembe, muache maneno." Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Lukuga yetu wenyewe.

Ziwa Tanganyika lina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 32,000, na maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, ndiyo Lukuga. Zamani mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na tope, mchanga na mafunjo. Cameron alifika pale mwaka wa 1874, Stanley akafika 1876, na watu wakabishana kama kweli ziwa linatokea hapo. Kumbe lilikuwa tuta, tuta la asili, lisilojengwa na mtu wala kuwekewa mlango. Ziwa likaendelea kupanda, na mnamo 1878 maji yakalishinda tuta lile. Hore alipofika mwaka wa 1879 alikuta mkondo wenye nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu metre 10. Hiyo ndiyo tabia ya tuta lisilo na mlango: linashika, linashika, halafu siku moja linaachia.

Sasa tuje kwa taabu yetu. Ziwa lilipanda sana mwaka wa 1964, na tena katika miaka ya 2020, 2021 na 2024. Tuliona maji yakiingia nyumbani mwa watu, hapa Kalemie na kule Uvira na Bujumbura. Kila mara wanatokea wenye kusema: "Tujenge dige ufukoni." Vema. Lakini Kalemie ina vilima nyuma yake. Mvua inashuka kutoka juu, inatafuta ziwa. Ukijenga tuta ufukoni bila kufikiri mtaro na mlango wake, umezuia ziwa lisiingie, lakini umeifungia mvua ndani ya nyumba za watu! Anayesema dige tu anaona kitu kimoja. Anayesema tuta, mtaro na mlango amekwisha kuona kazi tatu, na ataulizia zote tatu. Kwa hiyo jina linasaidia kuzuia maji, kwa maana linaonyesha jembe liende wapi.

Na mtaro uliojaa chupa na mifuko si mtaro tena, umegeuka tuta. Maji hayatazami mtu aliuita nini wakati wa kuuchimba.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, siku ya salongo kiongozi wa kalasi aseme wazi: hapa tunachimba mtaro, udongo wake tunauweka upande huu, unakuwa tuta. Pili, walimu wa jeografia na wa Kifaransa watusaidie kuandika maneno haya kwa lugha zote mbili, yabandikwe ukutani. Tatu, kila mmoja wetu akienda likizo aulize wazee: kwa Kitabwa, kwa Kiluba, kwa Kiholoholo, kwa Kibembe, vitu hivi vinaitwaje? Wazee walilima kando ya maji kabla yetu. Hawakukosa majina.

Asiyekubali aandike naye. Karatasi ya gazeti letu bado ipo.

Mwenzenu wa mwaka wa tatu