Linki umehifadhi, lakini ukurasa uko wapi?

Ingia saiba yoyote mjini Nyeri siku ambazo maombi ya mkopo wa chuo yamefunguliwa. Foleni imefika mlangoni, mhudumu anachapa huku simu iko begani, na kila anayekalia kiti anauliza swali lile lile: "Ile linki ni gani tena?" Mmoja anaitafuta kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa lao la Fomu Foo na tayari amepandisha jumbe hadi za Desemba. Mwingine aliiandika nyuma ya daftari, akaruka nukta moja. Wa tatu aliifungua hapo hapo wiki jana, akabonyeza kile kinyota cha alamisho, akaenda nyumbani Othaya akijua mambo ni sawa. Leo amerudi, kompyuta ni ile ile, na alamisho haipo.

Huyo wa tatu hakukosea sana. Tatizo ni kwamba alamisho hukaa ndani ya kivinjari, na kivinjari cha saiba si chako. Saiba nyingine zina programu inayorudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapozimwa, ili virusi na takataka za wateja zisibaki. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye duka. Kwako wewe ni kama kuandika namba ya simu ukutani kwa mtu anayepaka rangi kila jioni. Na ukisema utaingia kwa akaunti yako ya Google ndani ya saiba ili alamisho zikufuate, hapo umeacha barua pepe yako wazi kwa atakayekaa baada yako ukisahau kutoka.

Kuna njia ya zamani ambayo vijana wengi hawaijui, nayo ni kuhifadhi linki kama faili. Sio ukurasa wenyewe, linki tu. Kwenye Windows faili hiyo huishia na .url, kwenye Mac ni .webloc, na ukiibonyeza mara mbili inafungua kivinjari na kukupeleka pale pale. Unaiweka kwenye flashi, unaipa jina unalolielewa, unaipanga kwenye folda: mkopo, kazi, kozi, mambo ya mathe ya hospitali. Kesho ukiwa Karatina, kesho kutwa Nanyuki, flashi ni ile ile na linki ni zile zile. Uzito wake? Haifiki hata kilobaiti moja. Picha moja tu ya simu yako ina nafasi ya maelfu ya faili kama hizo.

Ukitaka kuona hakuna uchawi, ifungue kwa Notepad. Utakuta mstari wa kwanza umeandikwa [InternetShortcut], na chini yake URL= kisha anwani. Basi. Wakati mwingine kuna mstari wa ikoni. Hata kwa mkono unaweza kuitengeneza.

Sasa, ukitafuta mtandaoni jinsi ya kufanya hivi, utaambiwa uweke kiendelezi, kile kiprogramu kidogo kinachobandikwa kwenye Chrome au Firefox ili kukiongezea kazi. Vipo vya kuhifadhi linki kama faili kwa kubonyeza mara moja, na vingine vinachukua tabo zote ulizofungua na kukutolea faili moja kwa kila tabo. Kama wewe ni wa kufanya utafiti wa mradi wa mwaka wa nne pale Kimathi au Karatina University, na una tabo thelathini zinazokohoa kwenye laptopu ya RAM ya jiba nne, kitu kama hicho ni msaada wa kweli. Ila jua kwamba kiendelezi kwa kawaida kinaruhusiwa kuandika ndani ya folda ya Downloads pekee. Kuzihamisha hadi kwenye flashi ni kazi yako.

Lakini kama ni linki moja au mbili, huhitaji kiendelezi hata kidogo. Kamata ile ikoni ndogo iliyo kushoto mwa anwani, iburute hadi kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta au ndani ya folda. Faili imezaliwa. Imekuwa hivyo miaka na miaka, ni vile tu hakuna aliyetuambia.

Nasisitiza hilo kwa sababu kiendelezi si kitu cha kubandika ovyo. Kabla hakijaingia kitakuomba ruhusa, na mara nyingi ruhusa yenyewe ni kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote unazotembelea. Soma tena: tovuti zote, pamoja na benki na eCitizen. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kilichopendwa na watu wengi sana duniani kwa kupunguza uzito wa tabo. Kikauzwa kwa mtu mwingine, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Desemba 2024, siku ya Krismasi yenyewe ikikaribia, kiendelezi cha Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, kilidukuliwa na toleo bovu likatumwa kwa watumiaji. Kampuni ya usalama! Sasa hicho kiendelezi cha bure kilichotengenezwa na mtu usiyemjua kinakulindaje?

Faili zenyewe pia zina hatari yake, na hapa Windows imetuangusha kidogo. Hata ukiiambia ionyeshe herufi za mwisho za majina ya faili, kwa .url huwa inazificha. Kwa hivyo mtu akikutumia kitu kinachoitwa "Barua ya kuitwa kazini.pdf.url", wewe utaona "Barua ya kuitwa kazini.pdf", na pengine na ikoni ya PDF juu yake. Ukibonyeza, hufungui barua, unapelekwa anakotaka yeye. Si hadithi. Julai 2024 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya ambao wahalifu walikuwa wameutumia kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakituma faili za .url zilizovaa sura ya PDF. Na vile vijana wa hapa tunavyotafuta kazi, barua ya kuitwa kazini ndiyo chambo kitakachonasa wengi. Kwa hivyo tengeneza zako mwenyewe, usipokee za watu. Ukitumiwa, bonyeza kulia, nenda Properties, usome anwani kwanza. Utakapoona anwani, angalia inaishia wapi. Ya serikali unatarajia iwe .go.ke, japo serikali yenyewe imetuchanganya: portali ya HEF, ambayo wanafunzi wameitumia tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo uanze 2023, ilipewa anwani inayoishia .co.ke, kama duka la viatu. Ukiwa na faili uliyoitengeneza mwenyewe siku ulipohakikisha kuwa uko mahali sahihi, huna haja ya kubahatisha tena kila mwaka kwa kutafuta Google na kubonyeza tangazo la kwanza.

Hadi hapo nimeisifu hii mbinu. Sasa niiseme ilipo dhaifu, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia.

Mwaka fulani nilihifadhi linki ya tangazo la basari kutoka ofisi moja ya umma. Nikaipa jina zuri, nikaiweka kwa folda, nikalala fofofo. Baada ya wiki tatu nikaifungua: ukurasa haupatikani. Tovuti ilikuwa imepangwa upya. Tarehe ya mwisho, orodha ya stakabadhi, mahali pa kupeleka fomu, vyote vilikuwa ndani ya ukurasa ambao sikuwahi kuuhifadhi. Niliyokuwa nayo ni anwani ya nyumba iliyobomolewa. Hapa kwetu ukielekezwa "shuka stejini, ulizia duka la bluu", unafika, mpaka siku mwenye duka atakapolipaka kijani.

Na hili halijanipata mimi peke yangu. Watafiti wa Pew Research Center wa Marekani walichapisha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kwetu Kenya, hesabu ni rahisi zaidi, angalia tu taasisi zinavyobadilika. Oktoba 1, 2024 NHIF iliondoka na SHA ikaingia. Yale maelekezo yote ambayo watu walikuwa wamehifadhi ya jinsi ya kulipia wazazi au kuongeza mtoto yakawa historia, na usajili ukahamia kwenye afyayangu.go.ke. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi na kwa muda huduma zikakwama, mwezi mmoja tu baada ya Rais kuzindua huduma zaidi ya 5,000 humo. Siku hiyo linki yako ilikuwa sahihi kabisa na haikukusaidia na kitu.

Hata wale waliotuahidi kututunzia wamechoka. Pocket, huduma ya kuhifadhi makala usome baadaye, ilifungwa na Mozilla Julai 8, 2025, na watumiaji wakapewa muda tu wa kutoa orodha zao. Google nayo ilikuwa imetangaza kwamba linki fupi za goo.gl zingekufa zote Agosti 25, 2025. Watu walipolalamika ikalegeza, ikabakisha zile zilizokuwa bado zinatumika. Ambazo hazikuwa na wageni, kwaheri. Ndiyo maana nasema ukihifadhi, hifadhi anwani ndefu halisi. Linki fupi ni kumtumainia mtu wa tatu asimame katikati milele.

Kwa hivyo jiulize swali moja kabla ya kuhifadhi: hii linki ni mlango au ni maneno? Portali ya HELB ni mlango. Huendi kusoma, unaenda kuingia, na kilicho ndani hubadilika kila siku. Hapo faili ya .url inatosha kabisa. Lakini tangazo la kazi la kaunti, notisi kwenye gazeti la serikali, masharti ya basari, ahadi ya mwanasiasa, hayo ni maneno. Hayo usihifadhi linki pekee. Bonyeza Ctrl na P, chagua kuhifadhi kama PDF, uweke kando ya linki kwenye folda moja, na tarehe kwenye jina la faili. Kama ni kitu cha umma, kipeleke pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, wakutunzie nakala ambayo hata mtu mwingine anaweza kuiona. Nao si malaika, Oktoba 2024 walidukuliwa na kuzimika kwa siku kadhaa, ndiyo maana PDF yako ibaki kwako.

Hilo la wanasiasa sikuliweka kwa bahati mbaya. Huku Mlimani siasa imepinduka mara kadhaa tangu Gachagua aondolewe kama naibu wa rais Oktoba 2024, na tukielekea Agosti 2027 tutaahidiwa bei ya kahawa, bonasi ya chai, lami na kazi za vijana, mengi yakiandikwa kwenye posti ambazo hufutwa kwa kidole kimoja. Ukija kumuuliza mtu kuhusu alichosema na ulicho nacho ni linki ya posti iliyofutwa, atakucheka hadharani. Ukiwa na nakala yenye tarehe na anwani yake, mazungumzo yanakuwa mengine.

Najua wengi wenu mnasoma haya kwa simu, na kwa simu faili ya .url haina kazi kubwa. Android nyingi hazijui zifanye nini nayo. Huko kwa mlango tumia "Ongeza kwenye skrini ya kwanza" kwenye menyu ya Chrome, utapata ikoni kama ya programu. Kwa maneno, chapisha kama PDF vile vile, menyu ya kushiriki ina sehemu hiyo. Kujitumia linki kwenye WhatsApp yako mwenyewe pia si vibaya, bora uandike maneno mawili pembeni ya hiyo linki ni ya nini.

Na ukiwa saiba, kabla hujachomoa flashi, fungua ile faili mara moja uone inakupeleka wapi. Halafu ukifika nyumbani, kama kuna kompyuta, ipitishe hiyo flashi kwenye antivirasi. Unajua saiba zetu na vile virusi vinavyoficha folda zako zote na kukuachia njia za mkato bandia mahali pake. Ukiona faili ya njia ya mkato ambayo hukuitengeneza, usiiguse.