Gitari ya Ruashi inasubiri kamusi

Wapo wenzetu wanaoamini kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kinafaa sokoni tu, na kwamba ufundi hauwezi kuelezwa nacho bila kuazima lugha nzima ya Kifaransa. Mimi nakataa. Kwa miezi kadhaa sasa mimi na yaya yangu, fundi mbao, tunatengeneza gitari ya umeme nyumbani kwetu Ruashi, na kazi yote inafanyika kwa Kiswahili.

Ubao wake ni wa mulombwa. Vitabu vya Tanzania vinauita mti huo mninga. Shingo ya gitari, yaya anaiita manshi. Kulehemu nyaya ni kusude. Akiniona nina haraka ananiambia: "Mudogo, usikaze manshi mbele kole ikauke." Nyuzi zetu zina urefu wa milimita 648, kwa hiyo kijiti cha chuma cha 12 kinakaa kwenye milimita 324, nusu kamili, kikikosea kidogo, noti zinapotoka. Namba yaya anazitaja kwa Kifaransa, lakini sababu anaieleza kwa Kiswahili. Kisha unakuja msasa, daima kwa kufuata mistari ya mbao, halafu verni nyembamba, kungoja, msasa tena, verni tena.

Watasema: manshi, kole na verni ni Kifaransa. Ndiyo. Na shule ni Kijerumani, meza ni Kireno, kalamu ni Kiarabu. Hata gitaa la kamusi limetoka Kiingereza. Neno halipimwi kwa pasipoti yake. Linapimwa kwa kazi linayofanya na kwa jinsi linavyotii sarufi: yaya anasema "tutasude", "imesudiwa", wala hakuna fundi anayeshangaa.

Gitari ni urithi wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na sauti ile ikasikika mbali sana. Sauti ilipata mtu wa kuihifadhi. Maneno ya mafundi bado. Tukingoja, yatatupata yale yale ya madini: mikro ya gitari ni waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na sumaku nyingi za aina hiyo zina kobalti ndani yake. Shaba na kobalti vinachimbwa hapa hapa Ruashi, lakini mikro tunainunua kutoka nje.

Mfano wa kufuata tunao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, bila kuomba ruhusa ya usanifu. Leo wataalamu wanaisoma.

Basi napendekeza jambo moja kwa walimu wetu: wanafunzi waruhusiwe kuandika memwari juu ya msamiati wa karakana moja, iwe ya mbao, ya baiskeli au ya ushonaji. Kila neno liandikwe kama fundi anavyolitamka, pamoja na maana yake, mfano wa matumizi, na neno la Kiswahili sanifu kando yake kama lipo. Hatutakuwa tunakipinga Kiswahili sanifu. Tutakuwa tunakiletea mbao.